Kijiko cha Sita

Gesi ilipopanda bei mara ya tatu
nikarudi kwa tanuri la uani, la matofali ya kuchoma,
lililolala miaka miwili likitunza ndoo na viatu.
Nikawasha. Moshi ukapanda hatua mbili,
ukafikiri,
ukarudi nilipo mimi.

Fundi Chaurembo aliniambia elfu hamsini,
halafu akaniambia kesho,
halafu simu yake ikaniambia hapatikani.
Basi nikaenda mwenyewe Gerezani,
nikawapita wanaokunja bati na wanaogonga masufuria,
nikanunua brashi ya kuzungusha: kichwa cha nywele za plastiki,
ngumu kama kidevu cha mfiwa,
na fimbo sita za kuungana, nyembamba. Muuzaji akazikunja
mpaka zikawa upinde, ili nione hazivunjiki.
"Ila mama," akasema, "zungusha kulia tu.
Ukienda kushoto zinafunguka huko huko juu."

Keko, Jumapili, saa mbili asubuhi.
Khanga puani, miwani ya kuchomelea ya kijana wa jirani,
mdomo wa tanuri nimeuziba kwa shuka kuukuu
lenye tundu la kupitisha mkono.
Drili ya kuazima ikanguruma.
Fimbo ya kwanza, ya pili. Masizi yakaanza kushuka
kama unga unaochekechwa,
kisha kwa mabonge, meusi, mepesi, yanayovunjika yakikutazama.
Bi Sikudhani akaanua nguo zake bila kunisalimu.

Fimbo ya tano ikagoma. Kuna kitu.
Nikasukuma, nacho kikasukuma.
Na mkono huu, wenye haraka za kukanda,
ukabonyeza kitufe cha kurudi nyuma.

Nikasikia wepesi.
Aliyewahi kuusikia anaujua: wa kamba
ndoo inapobaki kisimani.
Brashi na fimbo moja viko juu ya dohani;
mimi niko chini na nne.

Sikulia. Niliketi juu ya gunia nikanywa maji.
Kisha nikaiweka drili kando, nikapandisha fimbo kwa vidole,
polepole, kulia, nikiitafuta hesi kwa upofu,
kama anayetunga uzi
kwenye sindano iliyo chumba cha pili.
Ikagusa. Ikateleza. Ikagusa.
Ikauma.

Nikavuta, vikaja vyote kwa pamoja:
brashi, fimbo, na kiota cha kunguru
kilichosukwa kwa waya. Waya wa umeme, waya wa henga,
waya wa sidiria ya mtu.
Na katikati, kimelala kama yai lililoungua,
kijiko.

Nikakisugua kwa jivu. Ua la waridi kwenye mpini.
Cha sita. Cha seti ya harusi yangu,
alichokiosha wifi yangu Mwantumu
akakianika kwenye chanja, na jioni hakikuwepo,
na mimi nikasema mbele ya watu
kwamba Dar es Salaam hii hakuna ndege anayekula vijiko.

Hajala kwangu tangu siku hiyo.
Hata matanga ya kaka yake
alikaa ukingoni mwa mkeka, akanywa maji ya chupa yake.

Nikawasha kuni mbili za kujaribu.
Moshi ukapanda, ukanyooka, haukugeuka kuniuliza kitu.
Kwenye kioo cha bafuni nilikuta mtu mweusi tii, macho matupu,
na nilipomsugua kwa sabuni ya mche
alitoka nusu tu. Masizi ya kumpaka mtu
ni rahisi kuliko haya.

Jioni nimeoka mikate minane.
Mmoja nimeufunga kwenye gazeti ungali moto.
Keko hadi Mbagala si safari,
lakini viatu nimevivaa mara mbili nikavivua.
Kijiko kimo mkobani.
Nikifika, sijui bado, nibishe hodi kwa mdomo
au mlango niugonge kwa chenyewe.